Kipande cha Kopo Katika Mota

Ilinipasa kusema hapana. Ilikuwa Jumapili, misa imekwisha, watu wamesimama uani mwa parokia wakiulizana habari za wagonjwa na za mvua iliyochelewa, na rafiki yangu akanivuta kando, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amepata gramofoni ya zamani, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Alitaka Jumamosi twende wote kuitazama, nifungue mota, nimwambie kama ni nzima, ndipo anunue.

"Docteur," aliniambia, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kunitania, daktari wa vyuma, "siku ya posho unakuya na miye. Weye unafungua motere. Kama unasema iko muzuri, nabeba. Kama unasema haiko muzuri, tunakunywa maji yabo, tunarudia."

Nikamuuliza ni ya nani, ingawa nilikwisha kujua. Mjini kwetu gramofoni zilizobaki si nyingi.

"Ya buko yako. Njo maana nakuita weye. Mbele yako hataweza kunidanganya."

Nikasema sawa. Sikufikiri hata kidogo, au labda nilifikiri upesi mno. Nilikuwa nimevaa koti langu la Jumapili, watu wanapita wanatusalimu, na ilinipendeza kuitwa daktari mbele yao.

Msomaji asiyetoka kwetu inafaa ajue buko ni nani. Binti yangu wa tatu ameolewa na kijana wa mzee mmoja wa upande wa Luano, si mbali na uwanja wa ndege. Mzee huyo ni buko wangu, na mimi ni buko wake. Wazee wetu waliotoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli na migodi waliacha mambo mengi njiani, lakini heshima ya buko hawakuiacha. Buko humpingi mbele za watu. Huli kwake ukachagua nyama. Kitu chake akikuonyesha, unakisifu kwanza, na kama kina kasoro, macho yako hayakuiona. Mtu wa kwetu yeyote akiombwa kwenda kupima kitu cha buko, kukifungua, kukitolea hukumu mbele ya mnunuzi, jibu lake linajulikana: tafuta fundi mwingine. Hakuna anayekasirika akijibiwa hivyo. Mimi nililijua jibu hilo tangu ujana wangu na sikulitoa.

Halafu kulikuwa na jambo lingine. Mwaka ule ule binti yangu alirudi nyumbani akilia, akakaa kwetu kipindi kirefu, na ilihitaji vikao, maneno matamu na kuinamisha vichwa pande zote mbili ndipo akarudishwa kwa mumewe. Tangu hapo kila nilipokutana na buko nilipima maneno yangu kama mtu anayetembea juu ya ubao mbovu.

Rafiki yangu naye hakuwa akitafuta gramofoni ya kupambia sebule. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na ndiye aliyeanzisha nyimbo walipokuwa wakiinua mataruma na vyuma: yeye anatangulia, wenzake wanaitikia, wanainua. Siku moja alipita Mzungu mwenye mashine ya kunasa sauti, akawanasa, na baadaye ikaletwa santuri moja kwenye kambi ya wafanyakazi. Sisi huku twasema diski. Baba yake alipewa diski hiyo, na hakuwa na cha kuipigia. Karani mmoja jirani ndiye aliyewapigia, mara moja, watoto wamekaa sakafuni. Muda mfupi baadaye baba akafa kazini. Hakuna picha yake. Rafiki yangu alikuwa mdogo kiasi kwamba katika wimbo wote alichokumbuka ni mwanzo tu: kabla ya kuimba, baba alikohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo.

Diski ile mama yake aliifunga katika kitenge na kuiweka chini ya sanduku. Mama alipofariki, ikahamia chini ya sanduku la rafiki yangu. Nimeishika kwa mikono yangu: nyeusi, nzito, ya ule utomvu wa zamani unaovunjika kama sahani ya udongo. Vijana walimwambia aipeleke kwa watu wenye mashine za kisasa, waihamishie katika simu. Akakataa. Hakuwa tayari kuitoa diski nje ya macho yake. Alitaka ipigwe nyumbani kwake, na mashine ya wakati wake, mbele ya shangazi yake mzee anayeishi Lukafu kwa kilimo, dada mdogo wa marehemu, mtu pekee aliye hai aliyeijua sauti ile vizuri. Huyo ndiye angesema kama sauti ni ya baba kweli au si yake.

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu niliposema sawa.

Jumamosi tulipofika Luano, buko alikuwa ameshavaa shati safi na viti vimepangwa. Waliniweka kwenye kiti kikubwa, nyuma ya meza, mgongo ukutani. Kulia kwangu kabati, kushoto kwangu buko mwenyewe. Ili kutoka pale ningelazimika kuwainua watu wote. Naeleza hivi kwa sababu nakikumbuka kiti kile vizuri kuliko chakula. Binti yangu alileta maji ya kunawa, akapiga magoti kidogo jinsi alivyofunzwa, akaninawisha bila kuniangalia. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Nikafurahi, na hofu ikaongezeka palepale.

Tukala bukari, ndio ugali wa kwetu, na samaki. Buko na rafiki yangu wakataniana kuhusu umeme uliokatika tangu asubuhi.

"Hii mashine yangu haiombe courant," buko alisema. "Hata mukikata mwaka muzima, yeye anaimba tu."

"Basi tuiweke mu ofisi ya courant, banaume bale bajifunze kazi," rafiki yangu akajibu, wakacheka.

Kisha ikaletwa. Sanduku la mbao ya rangi ya chai, pembe moja imechunwa, mkono wa kuzungushia ubavuni. Buko alisema aliachiwa na mwajiri wake wa zamani alipokuwa akihama nchi, na tangu hapo imekaa juu ya kabati. Halafu akanigeukia na kusema neno ambalo wakati ule nililichukua kuwa adabu tu:

"Buko, fungua. Miye nilipewaka vile, mu ndani mwake sijue kitu. Weye njo utatuambia."

Nilifanya kazi maisha yangu yote katika karakana ya reli, upande wa saa za stesheni na vipimo vya mvuke. Mota ya gramofoni ni binamu wa saa kubwa. Kuna springi nene iliyojikunja ndani ya mkebe wa chuma. Ukizungusha mkono unaikaza, ikijilegeza inazungusha meno, meno yanazungusha sahani ambayo diski hukaa juu yake. Kuipima hakuhitaji uchawi. Kwanza unazungusha mkono polepole na kusikiliza. Ukisikia dundo zito ndani ya mkebe, grisi imekauka na mikunjo ya springi inashikana halafu inaachana ghafla. Mkono ukirudi nyuma wenyewe, kizuizi kimelika. Kisha unaweka kikaratasi juu ya sahani inayozunguka na kutazama mzunguko wake kwa saa ya mkono, mwanzoni springi ikiwa imejaa, na tena mwishoni inapochoka. Mwendo usipotofautiana sana, unaweza kutulia.

Niliyafanya hayo yote. Dundo lilikuwepo, dogo, la grisi. Mwendo ulikuwa mzuri mwanzoni, halafu ukawa na mtikisiko mdogo ambao mtu asiyezoea asingeuona. Kikaratasi kilikuwa kikizunguka, kikisita kidogo, kikizunguka. Nikaomba ruhusa ya kufungua. Buko akanipa bisibisi yake mwenyewe.

Nilitoa skrubu za ubao wa juu, nikaugeuza, mota ikitazama juu. Chombo kinachotuliza mwendo, kule karakana tukikiita regilateri, ni kitu kidogo kizuri: vitufe vitatu vya chuma, kila kimoja kimeshikiliwa na kipande chembamba cha chuma cha springi, vimezunguka mhimili mmoja. Mota ikikimbia, vitufe vinafunguka kama sketi ya mwanamke anayecheza, na breki inaushika mwendo. Bila regilateri springi haina wa kuishika. Inajifungua yote kwa mara moja.

Vitufe viwili vilikuwa vimeshikiliwa na chuma chake cha asili. Cha tatu kilikuwa kimeshikiliwa na kipande cha kopo la maziwa. Mtu alikuwa amekikata kwa mkasi, akakitoboa kwa msumari. Rangi ya kopo bado ilionekana, buluu na nyeupe, na sehemu ya herufi moja. Karibu na skrubu, mahali kilipokuwa kikijikunja kila mzunguko, kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Kopo lilikuwa limeanza kukatika.

Rafiki yangu alikuwa ng'ambo ya meza, kutoka kule aliona mgongo wa mota tu. Buko alikuwa ubavuni mwangu, nilisikia pumzi yake. Nikafikiri: ameliweka yeye. Nikisema, nitakuwa nimemwita mwongo ndani ya nyumba yake, mbele ya mgeni, baada ya kula samaki wake. Nikainua macho. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo, ananiangalia sasa, na mimi nikausoma uso wake nilivyotaka kuusoma. Niliona anasema: papa, usiniharibie.

"Basi, docteur?" rafiki yangu aliuliza. "Mugonjwa atapona?"

"Iko muzuri," nikasema. "Inaomba tu mafuta."

Nikarudisha ubao na kukaza skrubu. Nakumbuka nilizikaza sana, kupita kiasi, kama mtu anayefunga jeneza.

Kutoka kwa buko hadi barabara ya taksi ni mwendo kidogo. Tuliibeba mimi na rafiki yangu, kila mmoja ameshika upande wake, tukitembea kwa hatua moja ili isiyumbe. Hakukuwa na mtu mwingine. Ndege ilipita juu ikishuka, kelele zikafunika kila kitu, na nilipoona midomo yake inasogea nilijua anaendelea kufurahi bila kujali kama nasikia. Ndege ilipopita, alikuwa akieleza jinsi atakavyomketisha shangazi karibu kabisa na sanduku kwa sababu masikio yake yamechoka. Ningeweza kumwambia pale. Maneno machache yangetosha: tuketi kidogo, kuna kitu mle ndani. Lakini niliona safari yote iliyokuwa ikifuata: yeye anageuka, tunarudi na sanduku, buko anauliza nani kasema, na hakuna mwingine wa kutajwa isipokuwa mimi. Nikaendelea kutembea. Uzito wa sanduku ulikuwa umetufunga pamoja kama ng'ombe wawili wa plau.

Nilichomwambia ni hiki: asiipige bado. Nilisema grisi ni kavu, nitakuja kuisafisha kwanza, nipewe muda. Akaahidi. Nikajiona nimepata njia ya kutokea. Ningetengeneza kipande kipya cha chuma kwa siri, nikibadilishe kana kwamba ninatia mafuta, na kopo nilitupe chooni. Hakuna ambaye angejua. Buko angebaki na heshima yake, binti yangu na ndoa yake, rafiki yangu na sauti ya baba yake, na mimi na jina langu la daktari. Yote yangekuwa sawa, ila nilihitaji wakati, na wakati haukuwa wangu.

Chuma chembamba cha kazi ile si cha kupata sokoni. Nilitafuta kwa mafundi wa saa wa mjini, nao sasa wanauza betri na kioo cha simu. Mwishowe nikafungua saa yangu mwenyewe ya mezani, zawadi niliyopewa nilipostaafu, nikatoa springi yake, nikakata kipande, nikakilainisha kwa moto wa mkaa, nikakitoboa, nikakirudishia ugumu wake. Cha kwanza kikapasuka. Cha pili kikapinda. Macho yangu si yale ya zamani. Mke wangu aliniuliza saa imefanya nini, nikamjibu ilikuwa inapoteza majira. Cha tatu kilikuwa kizuri. Nikakiweka ndani ya kisanduku cha kiberiti, na kesho yake, Jumapili mchana, nikatoka nikakitie.

Nilipokaribia nyumba ya rafiki yangu, hapa hapa mtaani kwetu Makomeno, nilisikia watu wengi. Shangazi alikuwa ameletwa kutoka Lukafu mapema kuliko ilivyopangwa, kwa sababu lori la mahindi lilikuwa linakuja na mvua ilikuwa inaanza kuharibu barabara. Watoto, wajukuu, majirani, wote walikuwa sebuleni. Shangazi amekaa kwenye kiti cha chini, kitenge kipya, miguu imevimba kwa safari. Sanduku limefunguliwa mbele yake. Na kwenye kiti cha heshima, shati safi lile lile, alikuwa buko. Rafiki yangu alimwalika kumshukuru.

"Ah, docteur mwenyewe huyu," rafiki yangu akasema. "Tulikuwa tunakungojea weye tu. Nimeweka mafuta miye mwenyewe, ya mashine ya kushona. Usikasirike."

Nikasema niitazame kidogo kwanza. Nilisema kwa sauti ya chini. Akanishika bega akaniketisha, palepale karibu na buko, na buko akasogea kunipa nafasi, akaniuliza habari za nyumbani. Nikajibu ni nzuri. Shangazi alikuwa anangoja. Kisanduku cha kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu, nimekishika. Ningesimama. Ningesema mota ina ubovu, nipisheni. Lakini buko angeuliza: si uliifungua kwangu ukasema iko muzuri? Kila mlango niliotaka kuutumia, nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Nikabaki nimekaa. Nilijipa moyo kwamba kopo limedumu miaka, litadumu na wimbo mmoja.

Rafiki yangu akazungusha mkono mpaka mwisho. Mjukuu wa kike akanyanyua simu yake kunasa. Diski ikawekwa, sindano ikashushwa, ikaanza kukwaruza kama mvua juu ya mabati.

Halafu mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo, cha karibu, kama cha mtu aliye chumba cha pili. Shangazi akaweka kiganja kifuani.

"Ni yaya," akasema. "Kukohoa ile, ni yaya."

Na yaya wake, kaka yake, akaimba. Sauti pana, yenye mchanga kidogo, ikarusha mstari wa kwanza, na wanaume wengi wakaitikia nyuma yake, ukasikia chuma kikigonga chuma. Rafiki yangu alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku. Sijawahi kuuona uso wa mzee ukirudi utotoni namna ile. Baba akarusha mstari wa pili.

Katikati ya mstari wa pili nikasikia tiki, ndogo sana. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia.

Sauti ikapanda. Kwanza ikawa ya kijana, halafu ya mwanamke, halafu ya mtoto, halafu ya panya. Watoto wakacheka, walidhani ndivyo mashine ilivyo. Shangazi akaziba masikio. Ndani ya sanduku kitufe kilichofunguka kilikuwa kikigonga huku na huko, sahani inazunguka kama feni, mkono wa sindano ukaruka na kuangukia diski, ukaruka tena. Rafiki yangu akafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Akanyoosha mikono yote miwili na kuikamata diski ili isimame.

Ilivunjika chini ya viganja vyake. Si vipande viwili vya kuunganishwa. Ilisagika, kama sahani iliyokanyagwa.

Mota ikaendelea kuzunguka yenyewe mpaka springi ikaisha.

Wageni wakatoka uani mmoja mmoja, wanazungumza chini kama kwenye kilio. Shangazi akatandika kitenge chake cha bega sakafuni na rafiki yangu akaokota vipande, hata vile vidogo kama punje za mchele, akaviweka juu yake. Kisha akaleta kisu cha jikoni na kuanza kufungua skrubu. Zilimsumbua kwa jinsi nilivyozikaza. Buko alisimama nyuma yake, nami upande mwingine. Rafiki yangu akaigeuza mota. Nusu ya kopo ilikuwa imebaki kwenye skrubu, buluu na nyeupe.

Akaligusa kwa ncha ya kisu. Kisha akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Ulikuwa unajua?"

Nikatoa kisanduku cha kiberiti, nikakifungua, nikaweka kipande changu cha chuma juu ya meza mbele yake. Kilikuwa kinang'aa. Kazi nzuri, haki ya Mungu, kazi bora niliyoifanya tangu nistaafu.

"Nilikuwa nakuya kuitia," nikasema.

"Mu njia ungeniambia," akasema rafiki yangu. "Siku ile mu njia tulikuwa bawili tu."

Mjukuu aliuliza afanye nini na alichonasa katika simu. Kulikuwa na kikohozi, mstari mmoja na kidogo, halafu ule mlio wa panya na kicheko cha watoto. Nilidhani rafiki yangu ataomba kibaki kikohozi. Lakini shangazi alikuwa pale, ameziba tena masikio, na rafiki yangu akamwambia mtoto afute vyote. Akafuta.

Buko alikuja kwangu juma lile, peke yake, bila taarifa, jambo ambalo buko hafanyi. Hakukubali kukaa. Alikuwa amekwenda kumrudishia rafiki yangu alicholipwa, na rafiki yangu akakataa kukipokea.

"Nilikuambia sijue kitu mu ndani," alisema. "Nilikuambia weye njo utatuambia. Nilifurahi ni weye, juu nilizani buko yangu hawezi kunificha. Uliona ile bati ukaniachia niuzishe muntu kitu kibovu."

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa kwa ajili ya mtoto.

"Mutoto wako eko mutoto wangu. Ulizani miye nitamutesa juu ya kipande ya kopo?"

Kopo aliliweka nani, hatutajua. Labda yule mwajiri, labda fundi wake, mtu ambaye alitaka tu ipige kidogo. Buko hakuwa amelijua kabisa. Nilimheshimu kwa kumdhania uongo, na hilo ndilo lililomchoma.

Binti yangu nilimuuliza mwenyewe baadaye, alipokuja kutusalimu, siku ile pale mlangoni alikuwa anataka kuniambia nini. Alifikiri kidogo, hakukumbuka vizuri. Alidhani alikuwa anangoja tumalize ili atoe vyombo. Kisha akasema, akiwa anamenya mihogo na mama yake, bila hasira, "Papa, kama uliogopa juu yangu, ungeniuliza. Hata haukuniuliza."

Nimejitetea kwa mila miaka hii, mbele ya mke wangu na mbele ya padri. Nimesema buko ni buko. Lakini mila yetu ilinipa mlango mpana tangu mwanzo, pale uani mwa parokia: tafuta fundi mwingine. Mila haikuniambia niende, nifungue, nione, kisha ninyamaze. Hayo niliyachagua mimi, kwa kupenda kuitwa daktari na kwa kuogopa kuonekana mbaya, na nikaita woga wangu heshima.

Shangazi alirudi Lukafu na lori lile lile na akafa kabla ya mavuno. Gramofoni iko kwa rafiki yangu, imefungwa, na kile kipande changu cha chuma hakijawahi kutiwa ndani yake. Rafiki yangu anaishi mtaa uleule. Tunakutana njiani na kwenye misa. Ananiamkia vizuri, kwa adabu kamili, anaondoa kofia. "Bonjour, papa," anasema, kama anavyomwamkia mzee yeyote asiyemjua. Docteur hajaniita tena.

Basi gharama ni hii. Kulikuwa na sauti moja ya mtu yule duniani, na haipo tena. Mwanawe aliisikia mstari mmoja na nusu, na kumbukumbu ya mwisho aliyo nayo ni watoto wakimcheka baba yake. Na mimi nilikuwa na rafiki mmoja tangu benchi la shule, na sina.